Mama Ametoa Shukrani kwa Uchaguzi wa Ureno

Kindu, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita. Asubuhi ukungu wa mto, mchana jua kavu. Mvua imetuaga bila kusema itarudi lini. Moyo wangu leo ni kama redio yenye betri zilizochoka: unasema, lakini haufiki mbali.

Leo Mama ametoa kuku kanisani kwa ajili ya uchaguzi wa wabunge wa Ureno.

Nimeandika sentensi hiyo nikiwa mzima, sijanywa kitu. Kuku mwenyewe alikuwa jike, mwekundu, wa mayai. Padri amempokea, waumini wamepiga vigelegele, na mimi nilikuwa benchi la tatu nikiitikia amina kwa sauti ambayo hata Mungu lazima aliitilia shaka.

Acha nieleze kwa utaratibu, maana nikiiacha kichwani hivi haitanipa usingizi.

Dada yangu mdogo, Vero, anaishi pembeni mwa mji wa Lisboni. Alitoka hapa kwenda Lubumbashi kufuata masomo, Lubumbashi kwenda Luanda kufuata mume, na Luanda kwenda Lisboni kufuata kazi, kwa sababu mume alikuwa ameshafuata mwanamke mwingine. Kule anasafisha madarasa ya shule kabla watoto hawajaingia. Karatasi za kukaa hana. Anayo karatasi inayosema kwamba karatasi inakuja. Kwa karatasi ya namna hiyo unaweza kukaa, unaweza kufanya kazi, unaweza kulipa kodi, ila usijaribu kupanda ndege kuja kumsalimia mama yako, maana mlango wa kurudia utaukuta umefungwa.

Na Mama macho yanakwisha. La kushoto limeshakwenda. La kulia linaona watu kama nguo zilizoanikwa: rangi anaziona, sura mpaka umsogelee. Daktari anaogopa kumpasua kwa sababu ya presha. Mama hamwombi Vero pesa, hamwombi simu mpya, hamwombi kitenge. Anataka kitu kimoja tu, Vero afike kabla jicho la kulia halijafuata la kushoto.

Hilo ndilo tulilokuwa tunalingojea. Na baada ya miaka ya kungojea, ofisi ya wageni ikampa Vero randevu, siku na saa ya kufika. Angekwenda, angeweka vidole kwenye mashine, angepigwa picha, na kadi ingetengenezwa. Randevu iliangukia Jumatatu asubuhi.

Siku moja kabla, Jumapili, ndipo Wareno walipopiga kura.

Hapa avenyu yetu ya Mikelenge wananiita Depite, yaani mbunge. Sijawahi kugombea hata uenyekiti wa chama cha mazishi. Ni kwa sababu natengeneza redio na simu, nina paneli ya jua, nasoma kila kinachopita kwenye kioo cha simu, na mtu akileta simu kuchaji lazima angoje, na akingoja lazima nimweleze kitu. Wiki zile nilieleza Ureno. Nilieleza kwamba serikali yao iliangushwa bungeni, wabunge walinyanyua mikono tu wakasema hatuna imani nawe, na waziri mkuu akaenda nyumbani kujiandaa kuomba kura upya. Nilieleza kwamba ni uchaguzi wao wa tatu katika miaka michache, wanapiga kura kama watu wanaopiga chafya. Nilieleza vyama vitatu vikubwa: muungano wa kulia uliokuwa madarakani, wasoshalisti wa ua la waridi, na chama kipya ambacho mimi nilikiita chama cha hasira, kinachosema kwamba wageni wamezidi.

Papa Kambale, mwenye duka la misumari na mabati mkabala na kibanda changu, mtu wa Butembo, asiyeamini kitu ambacho hakiwezi kupimwa kwa futi, alinisikiliza akitafuna karanga.

“Depite,” akasema, “hao wasoshalisti wakishindwa, wanakimbilia pori gani?”

Nikamwambia hakuna pori. Wanakwenda nyumbani.

“Basi hawakushindwa vizuri.”

Tulicheka. Mama alikuwa amekaa pale kwenye kigoda chake, anachambua mchele kwa vidole kwa kuwa macho hayafai tena kazi hiyo. Yeye hakucheka. Sasa ndiyo nakumbuka kwamba hakucheka.

Jumapili ile Vero alitutumia sauti. Shule anayoisafisha ndiyo ilikuwa kituo cha kura, na alikuwa ameitwa kupiga deki mapema. Alisema watu wanakuja wawili wawili, wazee wanashikana mikono, wengine wamekuja na imbwa. Imbwa wanangoja mlangoni. Hakuna askari. Hakuna wino wa kidole. Mtu anatoka ndani na mkono msafi, anaenda kunywa kahawa.

Mama aliniomba niirudishe ile sauti. Nikairudisha.

“Hakuna askari hata mmoja?” akauliza.

“Hakuna, Mama.”

“Basi wako wapi?”

Nilidhani ni mzaha. Kwa mtu aliyekaa Kindu miaka yote, swali hilo halina mzaha ndani yake. Askari unayemwona unajua yuko wapi.

Usiku, tukiwa kwenye chakula, matokeo yakaanza kuingia. Muungano wa kulia wa kwanza tena, umeongeza viti, lakini haukufika nusu ya bunge. Wasoshalisti wameporomoka. Chama cha hasira kimepanda mpaka kikalingana nao mabega. Kiongozi wa wasoshalisti akasimama mbele ya watu wake akasema nimeshindwa, naacha uongozi. Usiku uleule. Kabla hata hajalala.

Nilitoka barabarani kumpelekea Papa Kambale habari hiyo kama mtu anayepeleka nyama.

“Amekubali mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Nani amemlipa?”

Vero alipiga simu. Kwenye mtaa wake, alisema, kuna magari yanapita yakipiga honi, vijana wamebeba bendera za chama cha hasira, na mahali fulani wamepasua fataki. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikamuuliza yuko wapi ndani ya nyumba. Akasema amekaa chini, kati ya kitanda na ukuta.

Mwanamke mzima, ana ufunguo wa shule nzima mfukoni.

Sikumuuliza kwa nini. Mahali kama pale, kati ya kitanda na ukuta, tulikaa pamoja miaka ya vita, mimi kijana na yeye mtoto, tumejikinga kwa godoro lililosimamishwa upande wa dirisha. Reli ilikuwa imekufa, barabara ya Pangi imefungwa, chumvi inauzwa kwa kijiko. Mji ulikuwa wa hawa leo, wa wale kesho, na kila aliyeuchukua alitangaza kwenye redio kwamba hali ni shwari. Mama alikuwa na sheria yake: tangazo si kitu. Anayejua kama njia ni salama ni mama wa sombe, muuza majani ya muhogo. Siku utakapomsikia anapita na majani yake kichwani, anaita “sombe, sombe,” siku hiyo fungua mlango. Kama hajapita, hata redio iimbe, ubaki ndani. Na jambo baya kuliko risasi, alisema Mama, ni kimya. Risasi inakuambia iko upande gani. Mji ukinyamaza kabisa, kuna watu wanangojea.

Baba aliichekea sheria hiyo. Alikuwa mtu wa reli, mtu wa saa na ratiba, na redio kwake ilikuwa kama kitabu cha serikali. Asubuhi moja redio ikasema makubaliano yametiwa sahihi, wafanyakazi warudi kazini. Barabara ilikuwa imetulia, hata kuku hawakusikika. Baba akavaa kofia yake ya kazi, akasema, “Munasikia? Iko kimya. Batu bamechoka na vita.” Akatoka kwenda ku gare, kituo cha treni.

Hakufika ku gare.

Sasa turudi Jumatatu.

Asubuhi Vero alipiga simu. Nilikuwa nafungua kibanda, Mama ameshakaa, Papa Kambale anapanga ndoo zake. Vero alikuwa ameshavaa: gauni la bluu la misa, koti, viatu vya kisigino. Alikuwa mlangoni. Alitaka tu, nadhani, kusikia mtu akimwambia nenda.

Nikamwambia nenda. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisaidia. Nilisema, “Vero, Ureno si huku. Wamehesabu, wamemaliza. Toka, wahi treni.” Nilisema kama ninavyoeleza wateja, nikiwa na bisibisi mkononi.

Mama akanyoosha mkono, akataka simu, nikampa ikiwa kwenye spika.

“Vero. Inje iko namna gani?”

“Iko kimya, Mama.”

“Jana ilikuwa kelele, leo iko kimya?”

“Kimya kabisa. Njia iko tupu.” Alivuta pumzi. “Hata mimi naona si kawaida.”

“Yule mwenye alishindwa, amesema nini?”

“Amesema amekubali.”

Mama alinigeukia na jicho lake la kulia, lile la nguo zilizoanikwa, kana kwamba mimi ndiye niliyekubali.

“Usitoke,” akamwambia Vero.

Nikasema, Mama, randevu. Nikasema, Mama, ni saa moja tu, anaenda anarudi. Nikaanza kueleza viti vya bunge, nani anaweza kuungana na nani, na kwamba aliyekosa nusu lazima azungumze na wenzake, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kushika silaha. Nilieleza vizuri. Papa Kambale aliacha ndoo zake akasikiliza mpaka mwisho.

Mama naye alingoja nimalize, kwa adabu.

“Baba yako pia alieleza vizuri,” akasema.

Ningemwambia nini mwanamke aliyeshinda siku nzima dirishani akingojea kofia ya kazi? Nilikuwa na hoja zote za Ulaya mkononi, yeye alikuwa na mtu mmoja aliyetoka mlangoni. Hata Papa Kambale akaangalia misumari yake.

Nilimsikia Vero kwenye simu akijaribu mzaha wa mwisho. “Lakini Mama, huku hakuna mama wa sombe. Nitamungojea mpaka lini?”

“Utasikia tu mwenye anauza kitu. Watu wakianza kuuza, utoke.”

Kisha tukasikia kiatu kimoja kikianguka sakafuni, na cha pili.

Ungeniuliza leo, ningekuambia kwamba hakuvua viatu kwa sababu ya Mama peke yake. Mtu aliyekaa chini kati ya kitanda na ukuta katika mji wa kahawa na imbwa alikuwa anatafuta ruhusa ya kutotoka. Mama alimpa. Tulimpeleka msichana mpaka mwisho wa Ulaya, na vita vikamfuata bila pasi wala randevu.

Baadaye asubuhi hiyo, aliniambia, alisikia mwanamke chini ya jengo akiuza samaki kwenye gari, anaita kwa sauti. Alishuka mbio. Mtaa ulikuwa kimya kwa sababu ya Jumatatu tu. Watu walikuwa wamekwenda kazini.

Alipofika ofisini, jina lake lilikuwa limeshapita. Yule bwana wa dirishani hakuwa mbaya, alimuuliza kama alikuwa mgonjwa, kama ana karatasi ya daktari. Vero akasema hapana, nilikuwa nangoja matokeo. Bwana akashangaa. Matokeo, akasema, yalitoka jana, mama. Akamwambia aombe randevu upya kwenye mashine. Vero anaomba kila asubuhi kabla ya kupiga deki. Mashine inamjibu kwamba kwa sasa hakuna nafasi.

Na siku zinavyokwenda, habari hazisaidii. Wiki hii wamemaliza kuhesabu kura za Wareno walioko nje ya nchi. Zimemalizia kazi: chama cha hasira sasa ni cha pili bungeni, wasoshalisti wa tatu, wao ambao tangu yale mapinduzi ya maua kwenye mitutu ya bunduki walizoea kuwa wa kwanza au wa pili. Wa kwanza hana nusu, kwa hiyo lazima amwangalie mtu usoni, na uso ulio karibu ni ule wenye hasira. Wote wanazungumza juu ya kukaza sheria za wageni. Jambo moja limenichekesha mpaka nikaumia: kura hizo za nje ni za watu wanaoishi kwenye nchi za wenzao. Wageni wa Ufaransa, wageni wa Uswisi, wamekipa nguvu chama kisichotaka wageni.

Hapa Kindu walikuwako Wareno, zamani, kabla sijazaliwa. Mama anamkumbuka mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na mto, anakula sombe na wali mpaka anafumba macho. Nikamuuliza Mama kama kuna aliyewahi kumdai karatasi ya kukaa. Akasema, “Nani angemudai?” Kweli. Wakati ule waliokuwa wanadaiwa karatasi ni sisi.

Lakini nimekwepa. Nilitaka kueleza kuku.

Mama aliuliza, jioni ya Jumatatu hiyo: na randevu? Vero alikuwa kwenye simu. Angemwambia nini? Mama, umenikosesha kadi? Umenikosesha jicho lako? Akasema, “Ofisi ilifungwa, Mama. Fujo kidogo.” Mama akanigeukia mimi, msomi wa avenyu, Depite. Nikasema ndiyo, nimeona kwenye habari. Fujo kidogo.

Fujo kidogo, kwa Mama, ni kitu anachokijua ukubwa wake.

Aliinama akapiga magoti palepale, kwenye vumbi la kibanda. Kuanzia siku hiyo amekuwa mtu mwingine. Anatembea wima. Wanawake wa jumuiya wanakuja kumsikiliza jinsi alivyomzuia mtoto mlangoni, viatu vimeshavaliwa. Miaka yote hii amebeba mmoja aliyetoka. Sasa anaye mmoja ambaye hakutoka. Nani atakwenda kumnyang'anya?

Leo padri amesoma shukrani kwenye matoleo, Mama akimwita Koko, bibi, kama wamwitavyo wote: Koko anamshukuru Mungu kwa kumponya binti yake katika machafuko ya uchaguzi huko Ulaya. Vigelegele. Mama ametembea mpaka altareni peke yake, kuku mkononi, hakutaka nimshike. Njia ya katikati ameijua kwa miguu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba hata Ulaya siku hizi si salama, afadhali sisi.

Papa Kambale alikuwako pia. Yeye alikuwapo kibandani Jumatatu ile, anajua kila kitu. Nje ya kanisa alimshika Mama mikono miwili, akasema, “Koko, umeokoa mutu.” Nilimtazama. Mtu huyu hakubali hata futi bila kuipima mara mbili. Alinipita akaniambia chini chini, “Unyamaze, Depite. Kwa mara moja.”

Tulipofika nyumbani Mama akataka tumpigie Vero. Alimsimulia yote: padri, vigelegele, namna kuku alivyotulia mikononi kama anayejua anakokwenda. Vero alikuwa anasikiliza. Nyuma yake nilisikia maji yakitiririka kwenye ndoo, nadhani alikuwa anafua.

Maji yakafungwa.

“Aksanti, Mama,” Vero akasema. “Bila wewe ningetoka.”

Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nikiwa kijana. Akaniachia simu, akaenda kuvua kitenge cha misa, akipapasa ukuta njiani. Mimi na Vero tukabaki kwenye laini, na mega za intaneti zikaenda bure.

Nimekaa sasa kwenye mlango wa kibanda naandika haya. Hakuna mtu wa hapa anayesoma blogu yangu, na Mama hawezi kusoma hata angetaka. Ninyi mnaosoma mko mbali, fikirini mnavyotaka.

Jambo moja tu linanisumbua. Kabla hajalala mchana, Mama ameniita akauliza, kwa kuwa sasa fujo zimekwisha na Mungu ameshapewa chake, Vero anakuja lini? Nimemwambia bado wanapanga serikali. Kesho ataniuliza tena, akiwa amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza nilipo kwa kufuata sauti. Nami nitamweleza viti: nani ameongeza, nani amepoteza, nani hawezi kutawala bila nani. Nitaeleza vizuri. Atanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha atauliza tena.